Nyumba, Miti na Ardhi: Historia ya Kuuza na Kununua Mashamba katika Mji wa Malindi



Mhadhara huu unahusu tendo ambalo kila mmoja wetu anadhani analielewa vyema, nalo ni tendo la kuuza na kununua nyumba au shamba. Muuzaji anatoa, mnunuzi analipa, mashahidi wanashuhudia, na mali inatoka mkono mmoja kuingia mwingine. Hata hivyo, mtafiti anayechunguza mauzo ya mji mdogo wa kilimo kama Malindi hukabiliwa na swali gumu kuliko lile la nani aliuza na kwa bei gani. Swali lenyewe ni hili: ni kitu gani hasa kilichouzwa? Je, ni udongo? Ni miti iliyosimama juu ya udongo? Ni nyumba peke yake? Au ni ruhusa ya kulima na kukaa?

Hoja ninayokusudia kuitetea ni kwamba kwa watu wa pwani vitu hivi vilikuwa mali mbalimbali, na kila kimoja kiliweza kuuzwa bila ya kingine. Sheria ya ardhi iliyotungwa chini ya Waingereza mwaka 1908 ilivikusanya vyote ndani ya hati moja, lakini lugha na desturi za watu hazikuifuata sheria hiyo. Katika pengo hilo baina ya hati na lugha ndimo walimoangukia maelfu ya watu wa pwani ambao hadi leo wana nyumba lakini hawana kiwanja, na wana miti lakini hawana ardhi.

1. Maneno ya Mauzo

Inafaa tuanze na maneno yenyewe. Kitenzi "uza" kina asili ya Kibantu. Katika Kigiriama, ambacho ni jirani na ndugu wa Kiswahili, kununua ni "kugula" na kuuza ni "kuguza". Uhusiano wa maumbo haya uko wazi: kuuza ni kumfanya mwenzako anunue. Kiswahili kimehifadhi umbo la usababishi peke yake, na mahali pa "gula" pamekaliwa na "nunua".

Tukiviacha vitenzi hivyo, msamiati mwingi wa mali isiyohamishika umetoka Kiarabu: milki, rehani, wakfu, ijara, shufaa, dalali, hati, mnada. Hata neno "bei", ambalo leo tunalitumia kwa maana ya thamani ya kitu, katika asili yake ni tendo lenyewe la kuuza. Nalo neno "biashara" limeunganisha kuuza na kununua katika umbo moja. Nalo neno "hati" lilianza kwa maana ya mwandiko, yaani maandishi ya mkono wa mtu. Naomba wasikilizaji walikumbuke neno hili, kwani historia yake ndiyo kiini cha mhadhara huu.

Ardhi yenyewe haikuwa na jina moja. Palikuwa na "konde", mahali palimwapo mazao ya msimu kama mtama na mahindi. Palikuwa na "kiwanja", mahali pa kujenga. Palikuwa na "kiunga", eneo la bustani na miti ukingoni mwa mji. Palikuwa na "mwitu", ambao haukuwa na mwenyewe mpaka atokee wa kuufyeka. Juu ya yote palikuwa na "shamba", neno pana lenye maana zaidi ya moja. Shamba ni kinyume cha mji, kama tunaposema fulani amekwenda shamba. Vilevile shamba ni mahali penye kazi ya mtu: palipofyekwa, palipopandwa, palipozungushiwa mipaka. Katika matumizi haya ya zamani, kilicholifanya shamba kuwa shamba hakikuwa udongo. Kilikuwa ni kazi iliyotiwa ndani ya udongo huo.

2. Malindi, Mji wa Nafaka

Katika vitabu vya shule Malindi hutajwa kwa sababu ya Vasco da Gama, aliyepokewa hapo mwaka 1498. Ni wachache wanaokumbuka kwamba baada ya Wareno kuhamishia makao yao Mombasa mwaka 1593, pamoja na ukoo wa mtawala wa Malindi, mji uliingia katika unyonge, na kwamba katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 palibaki magofu na vichaka. Mji tunaouzungumzia hapa ulizaliwa upya mnamo 1861, pale Sultani Majid bin Said wa Unguja alipopeleka askari ili watu wapate kukaa na kulima kwa amani. Walifuata Waarabu wa Omani, Washihiri, Waswahili kutoka Lamu na visiwa vyake, Wabajuni, na wafanyabiashara wa Kihindi.

Mwanahistoria Frederick Cooper, katika vitabu vyake viwili vilivyotolewa mwaka 1977 na 1980, ameeleza kwa kirefu jinsi mji huo ulivyogeuka kuwa ghala la nafaka. Mtama, mahindi na ufuta vilipakiwa majahazini kupelekwa Unguja na Bara Arabu. Lakini utajiri huo ulisimama juu ya mabega ya watumwa. Ardhi ilikuwa tele, na aliyetaka shamba alifyeka mwitu. Aliyekuwa na watumwa wawili alifyeka kidogo. Aliyekuwa na mamia alifyeka hadi macho yachoke. Kwa hiyo ukubwa wa shamba ulipimwa kwa mikono ya waliolazimishwa kulilima, wala haukupimwa kwa kamba.

Jambo hili lina matokeo makubwa katika uelewa wa mauzo. Mahali ambapo ardhi isiyolimwa inapatikana kwa kufyeka tu, ardhi hiyo haina bei. Chenye bei ni kazi iliyokwisha kufanywa, miti iliyokwisha kukua, nyumba iliyokwisha kujengwa, na, kwa aibu ya zama zile, binadamu wenyewe. Mwenye kuuza shamba mwaka 1880 hakuuza ekari. Aliuza kazi ya miaka ya watu ambao majina yao hayakutiwa katika waraka.

3. Waraka wa Kadhi

Mauzo ya zama hizo yalifanywa mbele ya mashahidi na kuandikwa kwa Kiarabu. Waraka ulimtaja muuzaji na mnunuzi, ukataja bei kwa riale, kisha ukaeleza mipaka minne: upande wa kibla shamba la fulani, upande wa matlai njia, upande wa suheli shamba la fulani mwingine, na kadhalika. Mipaka ilikuwa ni majirani. Kuijua milki ya mtu kulihitaji kuwajua watu waliomzunguka, na jirani alipokufa au kuhama, mpaka wenyewe uliingia shaka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari la zama hizo lilikuwa ni kumbukumbu ya wenye mji, na waraka ulikuwa msaidizi wa kumbukumbu hiyo.

Sheria ya Kiislamu iliweka taratibu zake. Mali iliyotiwa wakfu haikuuzika. Shamba la urithi liligawanywa kwa mafungu yanayojulikana, na kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waswahili walio wengi, mshirika aliyeuziwa mgeni fungu la mwenzake alikuwa na haki ya shufaa, yaani kulichukua yeye fungu hilo kwa bei ileile. Haki hiyo haikuwa ya jirani. Ilikuwa ya mshirika peke yake.

Palikuwa pia na mauzo ambayo hayakuwa mauzo. Nayo ni bei ya khiyari, iliyoenea sana Oman, Unguja na pwani. Chukulieni mfano wa mtu mwenye shamba anayehitaji riale 100 ili avuke msimu mbaya. Riba ni haramu, hivyo hakopi. Anamuuzia tajiri shamba lake kwa riale 100, kwa sharti kwamba akizirudisha ndani ya muda uliowekwa shamba litarudi kwake. Wakati huohuo anabaki shambani kama mpangaji na kumlipa tajiri ijara kila mwaka. Katika waraka, shamba limeuzwa. Machoni mwa muuzaji, shamba liko rehani. Machoni mwa tajiri, kodi anayopokea ni faida ya fedha zake. Tendo moja limebeba maana tatu, na mtafiti anayesoma neno "ameuza" bila kujua khiyari atahesabu kuwa watu wengi walipoteza mashamba yao siku ambayo, kwa hakika, walikuwa wamekopa tu.

Aidha, desturi hiyo ilikubaliana na mazingira ya mavuno. Mwaka wa mvua nzuri deni lililipwa na shamba likarudi. Ilikuwa pale muda ulipopita na nafaka ikashindwa ndipo mauzo ya maneno yalipogeuka kuwa mauzo ya kweli. Uhaba wa kazi uliikaribisha hatari hiyo. Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku biashara ya watumwa baharini; amri ya Sultani Ali bin Said ya Agosti 1890 ilikataza kuwauza na kuwanunua; na mwaka 1907 hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya. Tangu zamani watoro walikuwa wakikimbilia vijiji vyao wenyewe kama Fuladoyo. Sasa hata waliobaki hawakulazimika kumtii bwana. Mwenye shamba akabaki na ardhi bila ya mikono ya kuilima. Kitu ambacho hakikuwa na bei ndicho pekee kilichobaki mkononi mwake.

4. Sheria ya 1908

Hapo ndipo ilipoingia Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908. Serikali ya Himaya ilitaka kujua ni ardhi ipi ya pwani yenye wenyewe na ni ipi inayoweza kugawiwa walowezi na makampuni, kwani katika miaka hiyo palikuwa na matumaini makubwa ya mpira na pamba. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa kupeleka dai lake na ushahidi wake mbele ya afisa wa hati. Aliyethibitisha alipewa hati. Ardhi isiyodaiwa, au iliyodaiwa bila kuthibitishwa, ilihesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza.

Tutazame maana ya badiliko hili kwa upande wa lugha. Kabla ya 1908, hati ilikuwa mwandiko unaoshuhudia milki iliyokwisha kuwapo. Baada ya 1908, hati ndiyo iliyoizaa milki. Asiye na hati hakuwa mtu ambaye ushahidi wake ni dhaifu. Alikuwa mtu asiye na kitu. Neno ni lilelile, herufi ni zilezile, lakini uzito wake umegeuka chini juu.

Waliofaidika ni wale waliokuwa na nyaraka, wenye kujua njia ya ofisi na wenye mashahidi wanaosikilizwa. Koo kubwa zilizokaribiana na utawala zilitia madai ya mashamba mapana. Wagiriama, ambao tangu miaka ya 1890 walikuwa wakivuka mto Sabaki na kulima ardhi yenye rutuba ya kaskazini, hawakuwa na waraka wa kadhi, na serikali iliwahesabu kuwa watu wa hifadhi ya bara, si wa ukanda wa pwani. Miaka michache baadaye, amri ya kuwaondoa kaskazini ya Sabaki ikawa mojawapo ya mambo yaliyochochea vita vya Wagiriama vya 1914, ambavyo jina la Mekatilili wa Menza halitengani navyo. Hatimaye Wagiriama walirudi kulima kule, lakini juu ya ardhi ambayo kwenye karatasi ilikuwa na mwenyewe mwingine.

5. Nyumba Bila Ardhi, Mti Bila Ardhi

Katika sheria ya Kiingereza, kilichopandikizwa ardhini ni cha mwenye ardhi. Nyumba hufuata kiwanja, mnazi hufuata shamba. Sheria ya 1908 iliikubali kanuni hiyo kama msingi: mwenye hati alihesabiwa kuwa mwenye miti na majengo yote yaliyokuwapo, isipokuwa pale ambapo hati yenyewe imeandikwa kinyume. Isipokuwa hiyo ni ya maana, kwani inaonyesha kuwa watunga sheria walijua fika kwamba pwani mambo yalikuwa vingine. Lakini ulinzi wake uliwafaa wale tu waliojua kuuomba.

Kwa desturi za mji, mtu aliyepewa ruhusa ya kujenga alimiliki alichokijenga. Alimlipa mwenye kiwanja ijara ndogo, akaishi, akazaa, akafa, na nyumba ikarithiwa. Aliweza kuiuza. Mnunuzi alinunua kuta, paa, milango na nafasi ya kuendelea kulipa ijara ileile. Hakuna aliyeona ajabu. Sheria ya Kishafi yenyewe ilimtambua mjenzi aliyejenga kwa ruhusa, na haikumwachia mwenye ardhi uhuru wa kumbomolea bila fidia. Ndiyo asili ya mtindo unaojulikana Mombasa na Malindi kuwa ni nyumba bila ardhi.

Mashambani hali ilikuwa ngumu zaidi. Baada ya 1907, wenye mashamba waliwaruhusu watumwa waliokuwa huru na Wagiriama kulima makonde yao kwa ijara, na mara nyingi kwa heshima tu. Mtama uliruhusiwa. Mahindi na muhogo viliruhusiwa. Lakini wenye ardhi wengi walikataza kupanda mnazi, mwembe au mkorosho. Sababu yake iko wazi kwa anayeielewa desturi: mti ni ushahidi. Mtama huvunwa na kusahauliwa, bali mnazi huishi zaidi ya aliyeupanda na kumsemea mbele ya wazee. Katazo hilo ni ungamo la mwenye hati kwamba, pamoja na hati yake, alijua ya kuwa machoni mwa watu mti bado una nguvu ya kuthibitisha milki.

Hivyo likazaliwa neno jipya: skwota. Halikutoka Kibantu wala Kiarabu. Limetoka katika Kiingereza cha ofisi. Kabla yake Kiswahili kilimwita mtu huyu mlimaji, mpangaji, au mtu wa fulani, na kila jina lilitaja uhusiano wake na mwingine. "Skwota" halitaji uhusiano wowote. Linataja upungufu wa karatasi peke yake.

6. Ushahidi wa Kaloleni

Huenda mtu akasema kuwa kutenganisha mti na ardhi ni jambo la zama za kale tu, au ni desturi ya Waislamu wa mjini. Ili kuona kwamba sivyo, tuondoke Malindi kidogo tuelekee kusini, kwenye vilima vya Kaloleni, ambako Wagiriama walilima minazi. Mwanaanthropolojia David Parkin, katika kitabu alichokitoa mwaka 1972, alichunguza mauzo na rehani za minazi miongoni mwao. Huko pia mti uliweza kuuzwa au kuwekwa rehani bila ya ardhi iliyo chini yake, na katika ugomvi ushahidi wa wazee ndio uliokata shauri. Mwenye kuhitaji fedha za mahari au matanga aliwapa wenzake minazi, na wakulima wachache wenye biashara ya mbata waliikusanya kidogo kidogo. Muda si muda, aliyenunua miti alijikuta anaishika na ardhi yenyewe.

Kwa hiyo utengano huu haukumkinga mnyonge siku zote. Ulimpa nafasi ya kuuza kidogo bila kuuza chote, lakini ulimpa tajiri pia nafasi ya kununua chote kwa kukinunua kidogo kidogo. Si halali kwa mwanahistoria kuipamba desturi kwa sababu tu sheria iliyoifuata ilikuwa na makosa.

7. Tangu Uhuru

Uhuru wa Kenya mwaka 1963 haukuzifuta hati hizo. Katika barua walizoandikiana Oktoba mwaka huo, Jomo Kenyatta, waziri mkuu wa Kenya, na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walikubaliana kwamba milki kamili zilizokwisha kusajiliwa katika pwani zitaendelea kutambuliwa. Sentensi hiyo iliwatuliza wenye hati waliokuwa na hofu. Kwa waliokuwa wakilima bila hati, ilimaanisha kwamba hukumu za miaka ya 1908 na kuendelea zimevuka bendera zikiwa hai.

Utalii ulipokua, ardhi ya Malindi ilipata bei ambayo hakuna mlima mtama angeweza kuifikiria. Kiwanja karibu na bahari, kisichofaa hata kwa muhogo, kilishinda kwa thamani konde lenye rutuba kando ya Sabaki. Wageni wa Ulaya, hasa Waitalia, walinunua na kujenga. Katiba ya mwaka 2010 iliwawekea wasio raia mpaka wa kukodi kwa muda usiozidi miaka 99, na mwaka 2012 sheria ya zamani ya hati za pwani ilifutwa, hati zilizotokana nayo zikiingizwa katika utaratibu mpya.

Pamoja na mabadiliko hayo, madalali wa mji bado wanauza nyumba bila ardhi, na wanunuzi bado wananunua. Mnunuzi mwenyeji anajua anachokinunua. Mnunuzi mgeni, aliyezoea kwamba nyumba ni pamoja na mahali iliposimama, husikia neno moja na kuelewa jingine. Naye mwenye nyumba ya urithi wa vizazi vitatu huweza kupokea barua ya mwanasheria ikimwambia kwamba hati ya kiwanja imeuzwa kwa mtu asiyemjua, na kwamba ijara aliyokuwa akilipa babu yake haimpi haki ya kubaki. Wote wawili wamesema Kiswahili sahihi. Kilichowatenga na haki yao ni maana ya neno "nunua" mbele ya daftari la serikali.

8. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba historia ya mauzo ya mashamba na nyumba katika Malindi ni historia ya kubadilika kwa kitu kinachouzwa. Kwanza iliuzwa kazi, ikiwa pamoja na waliolazimishwa kuifanya. Kisha, utumwa ulipokwisha na hati ikaja, iliuzwa ardhi. Katika vipindi vyote viwili watu wa kawaida waliendelea kuuziana nyumba na miti kwa maneno yao ya siku zote, na maneno hayo yalikuwa na maana kamili baina yao.

Kutokana na hayo, kazi mbili zinatusubiri sisi wa taaluma za Kiswahili. Ya kwanza ni kazi ya kamusi. Haitoshi kulifafanua shamba kuwa ni ardhi inayolimwa, au hati kuwa ni karatasi ya kumiliki. Maana za zamani zinapaswa kuandikwa pamoja na miaka yake na mahali pake, kwa kuwa zipo kesi ambazo hukumu yake inategemea kile mzee alichokusudia aliposema "shamba langu". Ya pili ni kazi ya nyaraka. Waraka wa kadhi, risiti ya ijara na ushahidi wa mdomo wa wazee ni matini za Kiswahili na Kiarabu cha pwani zinazostahili kuhifadhiwa na kusomwa kwa makini uleule tunaoutumia katika tenzi. Wazee wanaoijua mipaka kwa majina ya majirani wanapungua kila mwaka, na mpaka uliotajwa kwa jina la mtu haupimwi tena pindi jina hilo likisahauliwa.